Mwaka Bi Natsue Alipokaa Aija

Habari ya kifo cha Natsue Horikiri niliipata kazini, mchana, baina ya barua pepe mbili za wateja. Binti wa kaka yangu, ambaye yupo chuo na anajua shangazi yake ana udhaifu wa katuni za zamani, alinitumia ujumbe wa sauti: "Shikamoo shangazi. Yule mwimbaji wenu wa Kijapani, wa ile katuni ya saa, amefariki. Watu mitandaoni wanalia. Pole." Nilicheka kidogo kwa hiyo pole, kana kwamba nimefiwa na mtu wa ukoo. Halafu nikatambua kwamba sikuwa na huzuni hata chembe. Nilikuwa naogopa. Mtu mzima anayeogopa saa saba mchana, ofisini, taa zinawaka na watu wanapiga soga nje ya mlango, hana wa kumwambia, kwa hiyo niliomba ruhusa nikasema nina dharura ya kifamilia, nikatia mafuta gari, nikashika njia ya Nizwa kwenda kwa binamu yangu Asya. Njia nzima nilikuwa nikiurudia mwaka wa tisini na nane, ambao mimi na Asya tumeishi miaka yote hii bila kuutaja.

Mwaka huo nilikaa Sur, mji wa pwani ya Oman, mtaa wa Aija, nyumbani kwa bibi yetu Bi Shinuna, ili nimalize sekondari. Asya, mtoto wa mama yangu mdogo, alikuwa akiishi hapo tangu anatambaa, na tulikuwa darasa moja. Nyumba ilikuwa ya mfanyabiashara wa zamani, kuta zake nene kiasi cha mtu kuweza kujilaza kwenye kizingiti cha dirisha, na ndani ya kuta hizo kulichongwa vishubaka ambamo Bibi alipanga sahani za kauri alizokuja nazo kutoka Unguja. Palinukia udi na papa mkavu, harufu mbili zisizopatana ambazo mpaka leo nikizipata pamoja najiona nina miaka kumi na saba. Televisheni ilikuwa sebuleni, imevishwa kitambaa cha kufuma, na Bibi hukaa ameipa mgongo kwa sababu, alisema, wale wasoma habari wanamtazama bila kumwomba ruhusa. Sisi wawili tulikuwa tunakaa mbele yake kila jioni, vitabu vikiwa mapajani kwa ajili ya kuonekana, tunatazama katuni ya binti wa fundi saa.

Kila mtu wa rika letu katika nchi hizi anaijua. Binti anaishi na baba yake katika mji wa theluji, baba anapotea, saa zote za mji zinasimama, na binti anakwenda kumtafuta akiwa na ufunguo wa kutilia saa majira. Wahusika walikuwa wakizungumza Kiarabu cha fasihi, kile cha vitabuni, ambacho hakuna mama Sur aliyewahi kumgombezea mtoto. Wimbo wa kufungulia ulitiwa Kiarabu pia. Lakini wimbo wa kufungia hawakuugusa; sijui fedha ziliwaishia au walisahau. Uliachwa katika Kijapani chake, sauti ya mwanamke mmoja, nyembamba, safi, bila mbwembwe, na kwenye kioo binti anakwenda zake juu ya theluji ametupa mgongo. Hatukupata kuusikia hadi mwisho. Kipindi kilikuwa kikikaribia sana magharibi, na kila siku, pale pale sauti inapoanza kupanda, picha hukatwa na adhana ikaingia. Watoto wa Aija wote walikuwa wanauimba hadi hapo, kwa maneno wasiyoyaelewa, kisha wanaishia hewani wakaenda kutawadha.

Nieleze sasa jambo lililokuwa likitusubiri mwisho wa mwaka. Asya alikuwa ameposwa na Nasir, kijana wa mtaa ule ule, mtoto wa watu, mpole, aliyefanya kazi kwa baba yake katika biashara ya barafu ya kuhifadhia samaki. Harusi ilipangwa baada ya mitihani. Upande wa pili alikuwepo mwalimu mkuu wetu, ambaye alimwita Bibi shule akamwambia kwamba alama za Asya zinatosha kuingia chuo cha uuguzi Nizwa, na kwamba ni dhambi kumpoteza msichana kama huyu. Bibi alirudi amevimba. "Nesi," alisema, anavua baibui. "Ashike wanaume wasiokuwa wake, alale kwa watu milimani huko. Kisha yule mwalimu anambie mimi dhambi." Mimi nilikuwa upande wa Nizwa kwa moyo wote, kwa ule ushujaa wa mtu ambaye si yeye anayeolewa wala si yeye anayekwenda. Asya hakuwa upande wowote uliosikika. Alikaa na cherehani yake chumbani, anashona kanzu na suruali za marinda mguuni, na akiulizwa anasema atakavyo Bibi. Nilimwonea huruma sana. Nilijua, au nilidhani najua, jinsi msichana anavyonyamaza anapolazimishwa.

Sauti ilianza mwezi wa tano, wakati wa kailula, usingizi wa mchana. Asiyeishi Sur miaka hiyo hajui mchana unavyoweza kutisha kuliko giza. Baada ya adhuhuri na chakula mji unakufa. Maduka yanafungwa, paka wanaingia chini ya magari, jua linapiga kuta nyeupe hadi macho yanauma, na katika kila nyumba watu wamelala pale penye esi kama waliomwagwa. Sisi tulilala chumba cha nyuma, juu ya magodoro, chini ya esi ya dirishani iliyokuwa ikitikisika. Siku hiyo nilishtushwa na ule wimbo nikadhani televisheni imeachwa inawaka. Nikageuka. Asya alikuwa amelala chali, mikono ameinyoosha, macho wazi yanatazama boriti, na wimbo unatoka kinywani mwake huku midomo haitembei sana. Na haikuwa sauti yake. Asya alikuwa na sauti ya kukwaruza kiasi kwamba siku za maulidi Bibi humwambia apige makofi tu. Hii ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima, ile ile ya jioni. Ilifika pale inapokatwa. Nilikuwa nimeshajiandaa kwa kimya. Akavuta pumzi, na wimbo ukaendelea: haukupanda kama tulivyokuwa tukidhani siku zote, ulishuka, ukaenda chini, mahali ambapo nisingeweza kupabuni mimi wala yeye, ukazunguka huko, ukarudi, ukaisha. Nilimshika mkono. Ulikuwa wa baridi, ingawa mbele ya esi ile kila mkono ulikuwa wa baridi. Alasiri aliamka akaniuliza mbona sijamwamsha, akataka chai.

Ikawa inatokea kila baada ya siku chache, daima saa ile ya jua kali. Bibi aliisikia mwenyewe. Alisimama mlangoni, kanga kichwani, anasikiliza kwa adabu kama mtu anayesikia hodi ya mgeni asiyemtarajia. Akaninong'oneza, "Usimguse. Lugha gani hiyo?"

"Ya katuni, Bibi. Kijapani."

"Mjapani kaingia vipi humu ndani? Nani kamfungulia mlango?"

Jibu alikuwa nalo Mjomba Seif, mtoto mkubwa wa Bibi. Yeye alikuwa dereva na mkalimani wa Wajapani waliokuja kujenga kiwanda cha gesi njia ya Qalhat, na alikuwa mtu wa msikiti wa safu ya kwanza. Alisema mtoto anaota, basi, na televisheni ifungwe. Ikafungwa. Asya akaendelea kuimba. Bibi akaanza kuvizia maneno, kwa sababu kwa wanawake wa umri wake, waliokulia Unguja, pepo si jambo la kubishania lipo au halipo. Pepo wana makabila, kila kabila na lugha yake, chakula chake na ngoma yake, na kazi ya kwanza ni kujua kabila. "Kibuki sicho," alikuwa akisema, anahesabu kwa vidole, anachambua mchele. "Kihabeshi sicho. Wallahi huyu simjui."

Ndipo Mjomba alipomleta Bwana Okuno kula. Alikuwa mkubwa wake kazini, mtu mwembamba wa miaka kama arobaini, aliyekaa kitako sakafuni vizuri kuliko vijana wetu na akala wali wa jodari kwa mkono bila kumwaga punje. Wanaume walikuwa majlisi, sisi wanawake nyuma ya pazia, tunasikia kila kitu kama ilivyo ada. Asya hakuwa nasi. Alikuwa ameumwa kichwa akajilaza chumba cha nyuma. Walipofika kwenye kahawa na tende, wimbo ukaanza. Kwa mwanya wa pazia nilimwona Okuno amesimamisha tende njiani kuelekea mdomoni. Akasema kitu kwa Kiingereza.

"Anauliza kaseti hiyo mmeipata wapi," Mjomba akaita.

"Mwambie hatuna kaseti," Bibi akajibu.

Wimbo ukafika pale. Ukapita. Okuno akairudisha tende kwenye sahani, akageuza uso kutazama ukuta ambako sauti ilikuwa ikitokea, na akabaki hivyo hadi ulipoisha. Kisha akainama, akiuelekea ule ukuta, kama mtu anayemwamkia mkubwa wake. "Anasema lazima kaseti ipo," Mjomba alisema, na sauti yake haikuwa na ule uhakika wa kila siku. "Anasema hapo alipofika, hata kwao televisheni haifiki. Sehemu hiyo ipo kwenye sahani ndefu ya santuri tu. Yeye anaijua kwa sababu dada yake alikuwa nayo."

Hivyo ndivyo tulivyoijua habari ya Natsue Horikiri, kwa tafsiri ya Mjomba, nyuma ya pazia, na sinia ya vyombo vichafu mbele yetu. Alianza kijana mno, Okuno alisema. Kampuni ilikuwa inatafuta sauti ya kuimbia katuni ya saa, akaja yeye, msichana wa miwani asiye na makuu, na walipomsikia wakamchukua na walipomtazama wakaamua asipigwe picha. Walitaka watoto waamini anayeimba ni yule binti wa theluji. Barua zilikuja kwa magunia, zote zimeandikiwa binti, hakuna hata moja iliyoandikiwa yeye. Baada ya hapo hapakuwa na mwaka bila katuni mbili tatu zake: za maroboti, za mpira, za wachawi wadogo wa kike. Okuno alisema asubuhi nyingi za utoto wake aliisikia sauti ile kabla hajaisikia ya mama yake. Kwenye maonyesho alikuwa akiimba nyuma ya shuka nyeupe, na juu ya shuka watu wanaona kivuli cha binti. Miaka ikaenda, fasheni ikageuka, wakaja vijana wazuri wa kucheza kwa makundi, naye sasa anaimba juu ya mapaa ya maduka makubwa, baina ya tangazo la viatu na tangazo la sufuria.

"Yu hai?" Bibi aliuliza ghafla.

Mjomba akauliza. "Yu hai, mama. Mzima kabisa."

Bibi akanigeukia mimi, si Mjomba. "Pepo wa mtu aliye hai," alisema. "Hilo sijapata kulisikia."

Kesho yake Okuno alileta kaseti yake mwenyewe, iliyonakiliwa kutoka santuri ile ya dada yake, kama zawadi. Mjomba aliiweka juu ya friji akasema isiguswe, akaenda zake kazini, na nadhani alijua vyema kwamba itaguswa. Wiki hiyo hiyo Bibi aliagiza aitwe Bi Salama wa Bidiya. Huyu alikuwa fundi wa pepo, bibi wa Kiunguja aliyeolewa pembeni ya mchanga wa jangwa, na aliletwa na mwanawe kwa Land Cruiser, ngoma zake nyuma pamoja na kuku. Alimtazama Asya machoni, akamnusa utosi, akasikiliza mchana mmoja kamili. Jioni akasema, "Huyu mie sina ngoma yake. Wageni wangu wote nawajua kwa ngoma zao. Huyu nimpandishe kwa ngoma ipi?" Bibi akanyanyuka akaenda kwenye friji.

Ilifanywa asubuhi, wanaume wapo kazini. Chumba cha mbele kilifungwa madirisha, udi ukawashwa hadi macho yakatoka machozi. Palikuwa na mzozo wa chakula, kwa sababu pepo hukaribishwa kwa chakula cha kwao, na Mjomba aliwahi kusimulia kwamba Wajapani wanakula samaki mbichi. "Samaki mbichi haingii kwangu, hata kwa pepo," Bibi alisema, na wakapatana jodari wa kuchemsha, wali bila chumvi na chai bila sukari. Bi Salama aliionja chai ile akamwonea pepo huruma. Asya aliketishwa mkekani. Alikuwa mtulivu, ameshikwa na ule uzito wa saa za kailula ingawa bado ilikuwa mapema, na alipokwisha kukaa wakamfunika shuka nyeupe gubigubi, kama afunikwavyo kila mgonjwa wa pepo tangu zamani. Niliiona shuka nikakumbuka maneno ya Okuno, na nikatamani kutoka. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nimeshika redio ya kaseti.

Nikabonyeza. Vinanda vikaanza, kisha ile sauti, na mara ile ile sauti ya pili ikatoka chini ya shuka. Haikuitangulia ya kwanza wala haikuifuata. Zilikuwa zimeshikana kabisa, pumzi kwa pumzi, hata ukashindwa kujua masikio uyaelekeze wapi. Zikafika pale inapoingia adhana, zikapita pamoja, zikashuka kule chini. Hapo redio ikala mkanda. Ikakoroma, ikanyamaza. Chini ya shuka sauti ikaendelea peke yake hadi mwisho, haikutikisika, na Bi Salama, mwanamke aliyezungumza na mapepo tangu ujanani, aliuacha mkeka akarudi nyuma hadi ukutani.

Alipopata nguvu alisema maneno ya ada. "Karibu mgeni. Umekuja kwa heri. U nani?"

Akarudia kwa Kiarabu chake cha Bidiya. Ndipo ilipojibu, na ilijibu kwa Kiarabu kile cha fasihi, cha katuni, kila irabu mahali pake. Bi Salama hakukielewa, Bibi hakukielewa. Wote wakanitazama mimi, ikawa mimi ndiye mkalimani.

"Muulize anataka nini kwa mtoto wetu," alisema Bi Salama.

Nikauliza. Jibu lilikuja polepole, mara tatu, ili nisikosee. "Anasema asiolewe. Anasema aende akasomee uuguzi Nizwa. Na awatazame wagonjwa maisha yake yote."

Bi Salama alinikodolea macho. "Pepo anataka shule? Wenzake wanataka pete, marashi, kanga nyekundu. Muulize tena." Nikauliza tena. Ikawa ni yale yale. Akashauriana na Bibi kwa minong'ono, na Bibi akitikisa kichwa, akikataa, halafu akilia. "Mwambie," Bibi alisema mwisho, "tukimpa hayo, ataondoka?" Jibu lilikuwa kwamba ataondoka, na wimbo wake ataondoka nao. Wakaapishana. Mimi moyo wangu ulikuwa umejaa kicheko. Woga wote ulinitoka nilipoyasikia madai yale, kwa sababu ghafla kila kitu kilikuwa wazi: Asya aliwacheza. Alijifunza Kiarabu chake kwenye katuni kama sisi sote, na kwa kuwa hakuna mtu Aija anayembishia pepo, aliyapitisha kwa mdomo wa pepo maneno ambayo kwa mdomo wake mwenyewe yasingesikilizwa. Nilijiambia sijapata kuona akili kama ile. Shuka ilipofunuliwa alikuwa ameroa jasho, anatazama huku na huku. Nilimbusu shavuni nikamnong'oneza, "Hongera."

Posa ilivunjwa kwa heshima zote. Dhahabu ilirudishwa, mama yake Nasir akalia na Bibi wakapeana pole, kwa kuwa pepo ni udhuru usiomwaibisha mtu. Nasir mwenyewe alikuja mara moja. Alikaa majlisi na Mjomba, akawa anakunywa kahawa. Kwetu Oman ukishatosheka unakitikisa kikombe. Usipokitikisa, mwenyeji hana ruhusa ya kuacha kumimina. Nasir hakukitikisa. Mjomba akamimina, akamimina, dalla ya kwanza, lile birika la kahawa, ikaisha ikaletwa ya pili, na kijana anakunywa tu, macho sakafuni, hadi Mjomba alipokiondoa kikombe vidoleni mwake kwa upole, kama unavyompokonya mtoto kisu. Asya alikuwa nyuma ya pazia wakati wote, amelishika kwa mikono miwili. Nilidhani anaogopa wazee wasije wakabadili nia.

Akaenda Nizwa. Hakuimba tena, si usingizini wala macho, si hata kumbembeleza mtoto wa mtu. Kwenye maulidi hata makofi aliacha. Mimi nilijitafutia maelezo ya alivyoujua wimbo hadi mwisho, nikayapata mazuri: siku moja Mjomba alitupeleka Tiwi kwa gari la kazini, na garini huenda palikuwa na kaseti za Okuno, na huenda Asya, aliyesinzia njia nzima, aliusikia wimbo mzima na kichwa kikaushika. Sikumbuki muziki wowote njiani siku ile. Lakini maelezo yale nimeyategemea miaka mingi, na yameniwezesha kulala mchana.

Katika miaka ya elfu mbili Horikiri alifufuka. Watoto waliomsikia walishakuwa watu wazima wenye mishahara na kompyuta, wakaanza kumtafuta: Brazili, Ufaransa, huku kwetu. Nilikuwa nikisoma majukwaa ya Waarabu mtandaoni, watu wa Riyadh na Kuwait na Maskati wanagombania nani ana nakala nzuri zaidi. Alipokuja kuimba Dubai nilikwenda na mume wangu, ambaye alilala nusu ya onyesho. Alitoka mbele ya watu bila ya shuka, mama mdogo wa miwani na suti ya kijivu, na ukumbi mzima, wanaume wenye ndevu zao, ukalia. Akasema, na mkalimani akafasiri: "Nimeambiwa kwenu wimbo huu ulikuwa ukikatwa kila siku. Leo nitauimba hadi mwisho." Akauimba. Akafika pale. Akafungua mdomo, na hakikutoka kitu. Vinanda vikasubiri, vikazunguka, vikamrudia, na mdomo upo wazi. "Nisameheni," alisema. "Ni miaka mingi sasa. Kwenye karatasi maneno nayaona, nikianza kuimba hayapo." Watu walidhani ni utani wa kupendeza, wakapiga makofi. Yeye hakucheka. Alipitisha macho kwenye safu, moja baada ya nyingine, kama mtu aliyeibiwa anayewatazama abiria wenzake. Niliinamisha kichwa. Kipande kile nilikuwa nakijua silabi kwa silabi, na nilikaa nacho kimya.

Hayo yote nilimficha Asya. Nilipokaribia Nizwa, milima imeshaanza kuwa myekundu, ujumbe wa pili wa binti wa kaka yangu uliingia. Alikuwa amesoma wasifu wa marehemu. "Unajua shangazi, alikuwa anasomea unesi. Aliacha mwaka wa pili akaenda kuimba ile katuni, wazazi wake walikuwa washamtafutia mchumba na yeye hataki. Amesema kwenye mahojiano majuto yake ni hilo tu, kwamba hakuwatazama wagonjwa." Nilisimamisha gari kando ya barabara. Okuno hakutuambia hilo. Nilijaribu kulikumbuka kila neno alilolisema Mjomba juu ya sinia ile, na halimo.

Asya aliniamkia mlangoni kama aliyekuwa ananisubiri. Sasa ni sista mkuu wa wodi, nywele nyeupe mbele, anaishi peke yake katika nyumba safi mno karibu na hospitali. Akaweka tende, akaweka dalla. Nilimwambia habari, akasema anajua. Na mimi, kwa kutaka kuukimbiza ule woga, nikaona bora niutaje sasa ule mchezo wetu wa zamani tuucheke.

"Siku ile ya shuka," nilisema. "Uliwaweza wote. Sijamwambia mtu mpaka leo."

Aliacha kumimina. "N'liwaweza nani?"

"Bibi. Bi Salama. Kuhusu Nizwa."

Alinitazama kwa muda, na nikamwona anaelewa kitu juu yangu ambacho hakuwa akikijua. "Mie n'likuwa namtaka Nasir, Thuwe," alisema. "Nikimtaka kufa. Zile nguo nazishona mwaka mzima, ulidhani za nini?"

Nikamwona tena akilini Nasir na kikombe chake, na mikono miwili imeng'ang'ania pazia.

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Nimefunuliwa, namwona Bibi analia, anashukuru Mungu. Wewe unanibusu, unanambia hongera. Nikauliza nimesema nini, wakanambia. Bi Salama akanishika mkono hapa. Akasema, ahadi imefungwa, ukiivunja atarudi, na safari hiyo hatoki." Alikuwa akizungumza taratibu, bila ya kunilaumu, kama anavyowaeleza watu hali ya mgonjwa wao. "Basi nikenda. Na kila nilipochoka, kila nilipotaka kuacha kazi nirudi Aija, hata yule alipofiwa na mkewe akanitumia salamu, nilikuwa nasikia koo langu linajiweka sawa. Lenyewe. Kama la mtu anayetaka kuanza. Nikavaa sare nikaenda wodini. Nimeuguza watu maisha yangu yote ili asirudi."

"Keshakufa," nilisema. "Asya, khalas. Keshakufa."

"Najua. Nilijua jana, kabla hajanipigia mtu. Koo lilikuwa jepesi." Alikisogeza kikombe mbele yangu, akakunja mikono mapajani. "Nimewaambia kazini sendi. Nimekaa hapa tangu jana, nasubiri nisikie mie mwenyewe nataka nini."

Nikangoja.

"Hakiji kitu, Thuwe," alisema.